Dawa kwa Mtu Asiyeumwa

Niliondoka Tunduma kwa sababu nilichoka kuishi mpakani, na kwa sababu tangu nimalize kidato cha nne Morogoro sijakaa mahali nikaacha kuifikiria milima ile. Veronika, muuguzi niliyesoma naye, alinipigia simu: kituo chao cha afya pale Morogoro kilihitaji msindikizaji, mtu wa kuwaongoza wanaotaka dawa kinga ya VVU, kuanzia kipimo mpaka kidonge. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya kwa madereva wa malori. Nikafunga begi.

Saa kumi na moja alfajiri basi liliondoka. Makambako baridi, Iringa chai, mteremko wa Kitonga abiria wote wameshika viti, Mikumi twiga wawili kando ya lami. Jioni Uluguru ikatokea, vilele ndani ya mawingu. Mtaani Kilakala nyumba zilikuwa zimeongezeka. Ukungu ulikuwa uleule.

Wiki ya pili, Mwanaidi alishuka kutoka Kinole, kijiji cha milimani, na tenga la mananasi. Mumewe, Salumu, alikuwa amekutwa na VVU na ndiyo kwanza ameanza dawa. Yeye alipimwa, hana. Walitaka kuendelea kuishi pamoja na kupata mtoto wa pili. Mpaka dawa za Salumu zivifubaze virusi, Mwanaidi alihitaji kumeza kidonge chake cha kinga kila siku.

Mapokezi wakauliza tumefuata nini. Nikajibu kwa sauti, "Nina mgonjwa wangu hapa."

Wanawake wawili wa Kinole, waliokuja kupima watoto uzito, wakageuka.

"Mgonjwa nani?" Mwanaidi akaruka. "Siumwi hata ukucha!" Akajitwika tenga, akaondoka bila dawa.

"Gasto, umeharibu," Veronika aliniambia. "Huku ukionekana hospitali, jirani anauliza unaumwa nini. Asiyeumwa hana la kujibu."

Kesho yake nikapanda Kinole. Pikipiki ilishindwa na utelezi, nikamalizia kwa miguu katikati ya mikarafuu. Bibi mmoja alikuwa akianika mdalasini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unavyohema! Mtu wa lami wewe."

Akanionyesha nyumba. Mwanaidi alikuwa uani, hakuinua uso.

"Umemfuata mgonjwa wako?"

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

Salumu akacheka. "Mwache akae kwanza. Kaka, tangu jana majirani wameleta uji mara tatu."

"Na nimeunywa," alisema Mwanaidi. "Lakini dirisha lile la dawa siendi. Ndipo anapochukulia Salumu dawa zake. Wakiniona pale, watasema tumeshakuwa wawili."

Salumu akaacha kucheka. "Akipata huyu, nitajilaumu mpaka nife. Tafuta njia, kaka."

Niliporudi mjini nikamweleza Veronika. Alikubali kumpa dawa katika chumba cha uzazi wa mpango, ambako wanawake wa Kinole huingia bila kuulizwa. Jumatatu Mwanaidi akapimwa tena, bado hana, akapewa kopo lake. Akalijaza pamba lisilie njiani. Mimi nilikaa ng'ambo ya barabara nikila ndizi, kama mtu asiyemjua.

Mwezi mmoja baadaye alirudi, kisha kila miezi mitatu. Mara moja alikosa siku nne kwa sababu ya msiba. Nikampigia, akanitukana kidogo, akaanza tena. Mwaka ulipokaribia kuisha, kipimo cha Salumu kilionyesha virusi vimefubaa. Cha Mwanaidi kilisema kile kile: hana.

Nilichojifunza Kinole ni kidogo. Kabla ya kumwonyesha mtu njia, muulize njiani atakutana na nani.

Siku niliyoondoka Morogoro mjini kabisa, nilimkuta Mwanaidi akitoka kituoni peke yake.

"Sista amesema tunaweza kutafuta mtoto," aliniambia. "Wewe na begi wapi tena?"

"Gairo. Kituo cha huko wanataka msindikizaji."

"Kwenye upepo ule? Haya. Kukusindikiza stendi siwezi, kaka, nawahi soko."

Akavuka barabara bila kugeuka.