Ruhusa ya Kumwosha Mama

Darasa letu la yoga liko mjini Homa Bay, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo hizo pumzi ndefu tunazivuta pamoja na harufu ya dawa ya kupe. Mimi nilipelekwa na mgongo. Niliuharibu kwa kumwinua mama yangu, aliyepooza upande mmoja, kila wikendi nilipokwenda kwake Rongo.

Siku ya kwanza mwalimu alimpa kila mtu kifuniko cha soda akiweke kwenye mkeka. Kikitazama juu, anaweza kukurekebisha kwa mkono. Kikilala kifudifudi, hakugusi. Nikaona haya ni mambo ya watu walioshiba. Changu kilitazama juu, na bado alichuchumaa kando yangu akaniuliza, "Nikushike bega? Ukikataa ni sawa tu."

Nililia pale pale, mbele ya watu. Nilikumbuka mkono mzima wa mama ukiing'ang'ania leso kila nilipotaka kumwosha, nami nikivibandua vidole vyake kimoja kimoja: "Wacha ukaidi, mama, si mimi ni mtoto wako?" Na hilo hasa ndilo lililomtesa. Kwetu Wajaluo, kwa watu wa rika lake, uchi wa mzazi si wa macho ya mtoto. Nilijua. Nilijifanya kwamba ugonjwa umeyafuta hayo yote.

Jumamosi nilipasha maji, nikaketi mbele yake. "Mama, naomba kukuosha. Unakubali?"

Alinitazama sana. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini neno lilitoka safi: "Ooyo." Hapana. Kisha akaelekeza kidole nyumbani kwa jirani, mjane wa rika lake aliyezoea kuja kupiga naye soga.

Nikamwita jirani, akaja. "Ngoja hapo nje, nyathina," aliniambia, akafunga mlango. Mtoto wake, ndivyo alivyoniita, na nikamtii kama mtoto. Nilisikia maji yakimwagika, halafu nikasikia mama akicheka. Nilikuwa nimemwosha miezi minane bila kukisikia kicheko hicho.

Jirani ndiye aliyemwosha hadi alipofariki. Matangani watu waliishika mikono yangu, wakasema mama alibahatika kuzaa binti wa kumwosha. Niliwaambia asante. Jirani alikuwa akigawa chai. Akanipa kikombe changu, akaendelea kugawa.