Tochi Isiyovunja Jino

Mume wangu huuma tochi kabla ya kuinunua. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililofanya tufukuzwe kwenye vibanda vitatu asubuhi moja, nami siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni langu zuri.

Ni fundi umeme, na nusu ya maisha yake ameimalizia darini, kati ya bati za watu na dari zao. Wanaomwona akishuka amejaa vumbi mpaka kwenye kope hudhani kazi yake ni ya mikono tu. Ni ya mikono na meno. Kule juu hakuna nafasi ya kukaa. Unalala kifudifudi juu ya boriti, mkono mmoja umeshika waya, wa pili umeshika koleo, na mwanga unatoka mdomoni. Miaka ishirini na miwili kafanya kazi hivyo. Mimi husimama chini, nashika ngazi na kumpandishia vifaa. Kwa kuwa mdomo umejaa tochi, hasemi, anaguna. Mguno mmoja mfupi ni koleo. Miwili ni utepe mweusi. Mguno mrefu wenye hasira maana yake nimempa bisibisi ambayo siyo, na huo huwa najifanya sijausikia.

Watu huuliza kwa nini havai tochi ya kichwani kama mafundi wengine. Amevaa, tena tatu. Ya kwanza iligongwa na boriti ikapasuka kioo, ya pili mkanda wake ulilegea kwa jasho ukawa unamshukia machoni, na ya tatu aliikalia mwenyewe. Anasema ile inamulika anapotazama, na yeye anataka mwanga uwe pale mkono ulipo. Mimi nasema ni kichwa kigumu. Tumelibishania jambo hili miaka mingi na kila mmoja anaamini ameshinda.

Basi mwaka huu ikatokea ilivyotokea. Alikuwa ameuma tochi ya chuma, nzito, ya kung'aa, ambayo muuzaji alimwapia kwamba itamzika. Goti likateleza, kidevu kikapiga ubao, na jino la mbele likakatika nusu. Daktari wa meno alilitoa lililobaki, akamtengenezea la bandia lenye kibao chake cha kushika kwenye kaakaa. Akamwambia, "Mzee wangu, hili ni la kutabasamu. Si la kubebea mizigo."

Hapo ndipo mwanetu alipoleta habari ya duka. Tuna mapacha, ndiyo maana kila mtu ananiita Mama Pacha na yeye Baba Pacha, na yule mkubwa ana duka la vifaa vya umeme. Alikuja nyumbani, akakaa vizuri, akasema, "Baba, njoo ukae dukani. Kuna kiti, kuna feni, wateja watakuuliza na wewe utawajibu. Darini waachie vijana."

Nitasema ukweli, maana mimi sijui kuweka jambo moyoni likakaa. Wazo lile lilikuwa langu. Nilimpa mwanangu alitamke yeye, nikijua likitoka kinywani mwangu litaleta vita. Nilikuwa nimechoka kusimama chini ya tundu la dari roho mkononi, nikisikiliza ubao unavyolia. Nilimtaka ashuke, nimwone amekaa kwenye kiti kama baba za watu.

Baba Pacha hakukasirika. Alisema, "Nimekwisha ahidi kazi ya Mwalimu. Niacheni niifanye. Ikinishinda, nakuja dukani siku hiyohiyo, na sitalalamika. Isiponishinda, jambo hili tusilizungumze tena." Wakapeana mikono, baba na mwana. Mimi nikaenda jikoni kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa: panya walikuwa wametafuna waya juu ya sebule ya Mwalimu, mzee mstaafu, na ulitakiwa kupitishwa mpya. Ila kwanza ipatikane tochi. Nyepesi, isiumize jino jipya. Ngumu, maana mume wangu huangusha kila kitu isipokuwa sahani ya chakula. Na rahisi, kwa sababu tochi za bei mbaya tumeshazikoma. Nina droo nzima ya tochi zilizokufa. Kuna moja ya kuchaji ambayo betri yake ilivimba mpaka ikapasua mgongo. Kuna nyingine haiwaki mpaka uipige pajani, na baada ya mwezi ikawa haiwaki hata ukipiga ukuta. Kuna moja ina redio. Redio bado inaimba, tochi ndiyo haioni.

Tukaenda sokoni. Kibanda cha kwanza akachukua tochi, akaifuta kwa shati, akaitia mdomoni. Mwenye kibanda akaitazama ile tochi ikirudi na mate, akatutazama sisi, akasema, "Mzee, hii si muwa." Cha pili walituambia anayeuma amenunua. Cha tatu hawakutuambia kitu, walisimama tu mpaka tukaelewa. Nilitaka ardhi ipasuke niingie.

Kwenye kibanda cha nne kulikuwa na moja ya kung'aa, ndefu, ina taa kumi na mbili ndogo, na kijana muuzaji anaizungusha kidoleni huku anamwaga sifa. Macho ya mume wangu yakaanza kulegea. Hapo ningeweza kunyamaza. Angeinunua, ingekufa kabla ya wiki kwisha, kazi ingemshinda, na mimi ningepata nilichokitaka bila kunyanyua kidole. Lakini kumwona mtu mzima akiingizwa mjini mbele ya macho yangu, hapana, sikuumbwa hivyo. Nikaichukua, nikaitikisa karibu na sikio. Ndani mlikuwa mnacheza kitu.

"Kuna nini humu?" nikamuuliza kijana.

"Ni betri, mama."

"Betri umeshika mkononi."

Tukaondoka. Pembeni kabisa, jirani na mshona viatu, alikuwapo dada mmoja mnene mwenye ndoo ya maji. Ndani ya ndoo kulikuwa na tochi imezama na inawaka.

"Hiyo imeingia asubuhi nilipofungua," alisema. "Ikizimika siuzi nyingine za aina yake. Mnatafuta ya nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na jino. Hakucheka, na hapo nikampenda. Alinionyesha mambo ambayo kwa miaka yote nilinunua bila kuyajua. Alifungua kitako cha tochi fupi iliyovikwa mpira, akaniambia nitie kidole nibonyeze springi: ikikaa imelala, usinunue, ikirudi kwa nguvu, nzuri. Akanionyesha kimpira cha duara kinachozuia maji na vumbi. Akasema ya kuchaji ni tamu mpaka betri yake ichoke, na ikichoka huna pa kuibadilishia, lakini betri za kawaida zipo kila duka la mtaani. Taa moja nzuri inashinda kumi na mbili mbovu. Kisha akainyanyua juu ya kichwa na kuiachia ianguke kwenye saruji. Ikadunda, ikaendelea kuwaka.

"Naruhusiwa kuiuma?" Baba Pacha akauliza kwa adabu, kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Uma, mzee wangu. Ila nawa kwanza, hujui nani kaishika."

Akaiuma. Ule mpira ukakaa kwenye meno sawasawa. Bei yake haikufika hata nusu ya ile ya chuma. Alirudi nyumbani anatembea kwa maringo, nami nyuma yake najiuliza akili yangu iko wapi. Nilikuwa nimejitafutia mwenyewe kitu cha kuniharibia mpango.

Kwa Mwalimu tulifika asubuhi. Tukazima swichi kuu, mzee wa watu akatoa kiti chake nje maana feni ilikuwa imezimika, na mume wangu akapotelea kwenye tundu la dari. Kazi ikaenda vizuri ajabu. Mguno mmoja, koleo. Miwili, utepe. Mpaka kufika saa sita alikuwa ameshauvuta waya mpya kupitia bomba la ukutani, kazi ya jasho, amebakiza kuunga tu.

Mara nikasikia kikohozi, kisha kitu kikabingirika juu ya dari, kisha kimya.

"Mama Pacha," akaita.

Miaka ishirini na miwili sijawahi kusikia neno zima likitoka kule juu. "Umeumia?"

"Fijaumia." Akatulia, akajaribu tena polepole. "Sijaumia. Vumbi limenikaba, nimekohoa. Tochi imetoka, na jino limetoka nayo. Mpira wake umelishika kuliko kaakaa langu."

Ungemsikia na wewe ungecheka, na mimi nilicheka, nikajiziba mdomo kwa kanga. Kisha akanieleza shida yenyewe. Mkono mmoja umeshika ncha ya waya. Akiuachia, unateleza na kurudi wote ndani ya bomba, na asubuhi yote imekwenda na maji. Tochi bado inawaka, lakini imekwama kati ya boriti mbili, mbali kidogo na anapofika mkono. Mimi ndiye wa kwenda kuiokota.

Sasa, mimi na ngazi hatuivi chungu kimoja. Naishika, siipandi. Kidato cha tatu ndicho kikomo changu, hapo kichwa kinazunguka.

"Kama huwezi, sema," akasema. "Nitaachia waya nishuke, tumpigie mtoto."

Hakusema kwa hasira wala kwa kunibembeleza. Alisema kama mtu aliyekwisha kubali. Nilichokitaka kilikuwa pale, ni kusema siwezi tu, na wala lisingekuwa uongo. Nikapiga moyo konde, nikafunga kanga kiunoni, nikapanda.

Joto la kule lilinipokea usoni. Bati lilikuwa karibu mno na kichwa. Nilitambaa kwenye boriti macho nimeyafumba nusu, nikitaja majina ya watoto wangu wote, mpaka nikaifikia tochi. Jino lilikuwa pembeni yake, limekaa vumbini kwa raha zake. Nikalitia mfukoni, nikainyanyua tochi ili nimwone mume wangu yuko wapi.

Badala yake nikaiona kazi yake. Nyumba ile aliipitishia umeme yeye mwenyewe zamani, mapacha wakiwa wanatambaa. Waya zote zililala juu ya mbao zimenyooka, zimebanwa kila baada ya shubiri, kila kona imekatwa kwa pembe ileile. Kila kiungo kilikuwa ndani ya kisanduku chenye kifuniko, na juu ya kifuniko maandishi ya penseli: sebule, jikoni, chumba cha watoto. Upande wa jikoni fundi mwingine aliongeza yake baadaye, nazo zimetupwa tu kama tambi zilizomwagika. Nimeishi na mtu huyu, nimemfulia mashati, nimemshikia ngazi, na sikuwa nimewahi kuona anachokifanya.

"Nani anayaona haya?" nikamuuliza.

"Fundi atakayekuja baada yangu."

"Na asipokuja?"

"Basi mimi." Akasogeza kiwiko. "Leta mwanga huku, mkono unakufa ganzi."

Nikatambaa mpaka ubavuni kwake. Nikamulika mikono yake, akaanza kuunga. Pale gizani, vumbi likiniingia puani, nikashindwa kuvumilia. "Baba Pacha, lile wazo la duka lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemtuma mtoto."

"Najua," akasema bila kugeuka. "Kila akimaliza neno alikuwa anakutazama wewe kama yuko kwenye mtihani."

"Mbona hukusema?"

Alizungusha utepe, akaukata kwa koleo, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Nilitaka nione kama utanisaidia kutafuta tochi."

Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke, mikono yote miwili ilikuwa na kazi ya kushika mwanga. Aliniangalia mara moja, bila jino la mbele, akatabasamu kama daktari alivyosema, ila jino lenyewe lilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia nitaongea na mtoto leo jioni, atafute mtu mwingine wa kukaa kwenye kile kiti. Akaitikia kwa kichwa, akauliza kama naweza kubaki juu mpaka afunge kile kisanduku. Nikasema naweza, na nikasogea karibu zaidi ili aone vizuri.