Maswali ya Dada kwenye Daftari la Vipimo

Dada yangu alikuwa fundi cherehani, na maswali yake yangemchosha hata malaika. Televisheni yake ilikaa juu ya kabati la vitambaa, na kila tamthilia ya wafalme ilipoisha alinipigia simu mimi, mwalimu wa historia. Malkia akishika mimba, gauni lile nani analilegeza? Askari wakitembea mwezi mzima, vifungo vikikatika wanashona wenyewe? Nikimwambia hayo hayatoki kwenye mtihani, alicheka: basi Mwalimu, shule umesoma bure. Nami nilikata simu nimenuna, mtu mzima na akili zangu.

Na aliyenilea ni yeye. Vita vilipotufukuza kwetu alikuwa na miaka kumi, mimi bado nanyonya, wazazi wetu wameshauawa. Alinibeba mgongoni siku sita. Hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo.

Juzijuzi taarifa ya habari ikaanza kuonyesha vita vya nchi nyingine, watu barabarani na magodoro vichwani. Safari hii hakupiga simu. Alikuja mwenyewe Jumatatu jioni, akaketi mezani kwangu nikiwa nasahihisha mitihani.

"Mdogo wangu," akasema, "hao wanaoachwa njiani, vitabu huwa vinawaandika?"

Sikuinua hata macho. "Dada, niache nimalize kazi. Tutaongea Jumapili."

Akanikunjia shati lililokuwa kwenye kiti, akaenda zake. Alhamisi moyo wake ulisimama akiwa ameinamia cherehani.

Baada ya mazishi nilichukua daftari lake la vipimo ili niwarudishie wateja vitambaa vyao. Kumbe maswali yote aliyaandika humo humo, kati ya mabega na viuno vya watu. Machache yalikuwa na alama ya vema, yale niliyokubali kuyajibu. Ukurasa wa mwisho, chini ya kipimo cha sare ya shule, aliandika: "Muulize Mwalimu Jumapili. Walikuwa pacha, mgongo wangu ni mmoja. Yule mwingine nilimlaza kwenye nyasi, bado analia. Yumo kitabu gani?"

Nikakaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa, nikalia mpaka kifua kikauma. Nina miaka hamsini na mbili, na sikujua kwamba nilizaliwa na mwenzangu.

Sasa mwenye swali ni mimi. Pacha wangu aliitwa nani? Dada hakuliandika jina popote, na aliyelijua nimemzika Ijumaa.