Mfereji Ulioanzia kwa Shemeji

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomchukia mtu mbele ya mkutano mzima huku nikitabasamu. Ilikuwa Chiola, miaka michache baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Mpunga wetu wa bondeni ulikuwa umeoza misimu miwili mfululizo, maji yakiingia hayatoki, na njaa ilikuwa imeanza kupiga hodi. Ndipo bwana shamba akaja na habari kutoka Nachingwea mjini: kuna mradi unaotoa fedha kwa vijiji vyenye mabonde kama letu. Si mkopo, ni msaada. Wangetuletea saruji, makalavati na fundi. Sharti lao lilikuwa moja tu, tuchimbe kwanza mfereji kwa mikono yetu, wakaguzi waje waone maji yanatoka bondeni. Yasipotoka, fedha zinakwenda kijiji kingine.

Furaha yangu ilidumu mpaka bwana shamba alipotaja mahali pa kuanzia.

"Tutaanzia chini kabisa, kwa Bwana Hamisi, pale karibu na mto," alisema.

Hamisi! Huyo alikuwa shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu Zainabu. Alitoka Nkowe, upande wa Ruangwa, na kwa kuwa kwetu mwanamume huhamia ukweni, akaja kukaa kwetu. Mjomba wangu Selemani, kaka wa mama na mkubwa wa ukoo, akampa kipande cha chini. Cha katikati kilikuwa cha Mjomba mwenyewe. Mimi nilikuwa juu, na mimi ndiye niliyekuwa mrithi wa Mjomba, maana kwetu mali huenda kwa mpwa. Sasa niambie, mwanangu, mrithi yupo amekaa, halafu neema inaanzia kwa mtu wa kuja? Tena alikuwa hodari, jambo lililoniudhi zaidi. Ufuta wake ulishinda wangu, na mama yangu mzazi akimwona tu husema, "Chanda chema huvikwa pete." Mimi chanda changu alikuwa hakioni.

Nikasimama nikauliza, "Mgeni atangulie, mwenyeji afuate?"

Mjomba akajibu bila kunitazama, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Keti."

Niliketi, lakini moyo haukuketi. Kesho yake nikawaita wenzangu wa rika, wale tulioingia nao jando. Mtu wa jando lako akikuita shambani huulizi sababu, unabeba jembe unakwenda. Basi vijana wote wenye nguvu wakawa kwangu. Tukachimba mfereji mrefu, wa kina, umenyooka, ili wakaguzi wakija wauone wa kwangu kwanza. Kule chini nilimwona Hamisi akichimba na Zainabu, wawili tu, dada yangu ana mtoto mgongoni. Nasema kweli, nilifurahi kuwaona peke yao. Hasidi hana sababu, na mimi hata sababu sikuitafuta.

Mvua ya kwanza ikanyesha kwa fujo. Mfereji wangu mzuri ukakusanya maji yote ya kilimani, ukayashusha mpaka mwisho wa shamba langu, na pale hapakuwa na njia. Yakabomoa kingo, yakamwagika kwenye shamba la Mjomba, yakatulia humo. Asubuhi wakaguzi wakafika na Landrova. Mkubwa wao akalitazama lile bwawa, akauliza, "Nani ameanza juu kabla ya kutoboa chini?"

Nikainamisha kichwa. Mjomba akasema, "Ni sisi, bwana. Tupeni muda kidogo."

Wakanong'onezana. Wakasema watapita tena wakirudi kutoka Ruangwa, na wakikuta bado, tusiwalaumu.

Walipoondoka, Mjomba hakunigombeza mbele za watu. Alinishika mkono tukaenda ukingoni mwa yale maji.

"Mpunga wa Hamisi unaliwa na nani?" akaniuliza.

"Na wanawe."

"Wanawe ni nani wako?"

"Wapwa zangu, Mjomba."

"Mimi nikifa, unarithi wewe. Ukifa wewe?"

Jibu nililijua tangu utotoni. Ni hao hao watoto wa Zainabu. Nilikuwa namwonea kijicho mtu anayewalisha warithi wangu.

"Haya, chukua jembe," akasema. "Nenda kwa shemeji yako akuonyeshe alipoishia. Uanzie hapo."

Hilo liliniuma kuliko fimbo. Nilikwenda. Hamisi hakunisimanga, alisema tu, "Karibu, shemeji, hapa udongo laini," na upole wake ukanikera siku nzima. Nikawaita tena wenzangu wa jando, safari hii kule chini. Tulipofika kwa Mjomba na kutoboa, maji yakaanza kwenda mtoni, Zainabu akapiga vigelegele. Wakaguzi waliporudi waliyakuta yanatiririka, na msaada tukaupata. Kalavati la kwanza likawekwa kwa Hamisi, na mmoja wa waliolibeba nilikuwa mimi.

Sikudanganyi kwamba wivu uliisha siku hiyo. Hamisi ni marehemu sasa, na bado nikipita kwenye mpunga wa wanawe huwa natafuta kasoro. Natafuta, na huku najua watakaonizika ni wao.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, msaada ukija kijijini usiulize umeanzia kwa nani, uliza maji yatatokea wapi. Wa chini akizibwa, wa juu naye hana pa kumwagia. Na kijicho kikikushika, maana kitakushika, usikimbilie kuita watu wako. Ifuate kwanza ile riziki inayokuchoma, uone mwisho wake inamlisha nani. Mara nyingi utakuta sahani yako iko hapo hapo.

Mungu akuzidishie, amzidishie na jirani yako wa chini, na akupe macho ya kuitazama neema yake bila kuumia. Mimi macho hayo bado nayaomba.