Chumba cha Mkuyuni na Modemu Isiyoonekana

Mwaka 1999, mvua za masika zilipoanza kunyesha, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mwezi mmoja, na ujane wangu ulikuwa umetimiza wiki saba. Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 12 Januari. Siku ya arobaini, yaani Jumamosi tarehe 20 Februari, ukoo wake ulikaa kikao cha mirathi uani kwetu. Jambo lililobishaniwa kwa saa tatu halikuwa nyumba wala ng'ombe waliobaki kijijini. Lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, kando ya barabara, Mkuyuni.

Chumba hicho mume wangu alikijenga mwaka 1995, baada ya kupunguzwa kazi katika ushirika wa pamba, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake. Kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha ukoo, ukoo ulijiona una neno. Humo ndani tulikuwa na mashine mbili: taipureta yangu, na kompyuta aliyoinunua kwa mhandisi mmoja wa maji, Mzungu, aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Mimi nilichapa maombi ya kazi, mikataba na kadi za harusi. Yeye alituma barua kwa njia ya simu. Mfanyabiashara wa nyavu aliyetaka bei kutoka Nairobi, au mzazi mwenye kijana anayesoma ng'ambo, alileta barua yake kwa mume wangu, na baada ya siku chache alikuja kuchukua jibu. Miaka ile hapakuwa na mtu mwingine Mkuyuni aliyefanya hivyo, na mimi nililijua hilo nilipokuwa nikitembea barabarani.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa akivusha mpunga kwa kivuko cha Kigongo na alitaka mahali pa kuweka magunia. Alisema mbele ya kikao kwamba mwanamke hawezi kuendesha mashine iliyomshinda hata yeye. Nikasimama. Sikutakiwa kusimama, lakini nilisimama.

"Mimi darasa la kwanza nililianza nikiwa na miaka ishirini na mbili, mwaka 1971, katika masomo ya watu wazima," nikasema. "Kidato cha nne nilikimaliza kwa njia ya posta mwaka 1986. Mashine hiyo nimeiona kwa macho yangu ikituma barua na kupokea. Nami nitatuma."

Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa mzee mpole, asiyependa ugomvi. Akaamua hivi: nipewe hadi Jumamosi tarehe 29 Mei. Siku hiyo wanakikao watakuja chumbani, na mbele yao barua moja itoke kwenye mashine, iende kwa mjukuu wake aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi moja Dar es Salaam, na jibu lirudi. Likirudi, chumba ni changu. Lisiporudi, ni cha shemeji. Katibu akaandika, nami nikatia sahihi. Wifi yangu alitia dole gumba chini ya sahihi yangu, na ninakiri kwamba nilifurahi kuona tofauti hiyo.

Nilikuwa nimesema nimeona kwa macho yangu, na niliamini hivyo. Alhamisi mchana ilikuwa siku yangu ya jumuiya kanisani. Nikirudi saa kumi na moja jioni nilimkuta mume wangu mbele ya kioo, majibu yamejaa, kila moja na tarehe yake na jina la aliyeliandika. "Zimeingia," alikuwa akisema, bila kugeuza kichwa. Nilisoma pamoja naye. Basi mtu akiona jibu, si ameona barua ikienda?

Niliwasha kompyuta peke yangu kwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi. Mhandisi yule hakupenda programu ambazo watu wengi walizitumia. Alikuwa ameweka ile iitwayo Linux, na aliacha karatasi kumi na nne za maelezo kwa Kiingereza, alizoziandika kwa mkono. Nilizisoma na kamusi pembeni. Mashine ilipoamka ilishusha mistari myeupe kwenye kioo cheusi, ikitaja kila kiungo chake ilichokitambua: kumbukumbu, diski, kibodi, kioo. Nikaandika amri ya kupiga simu kama karatasi ya tisa ilivyoelekeza. Mashine ikajibu kwamba kifaa hicho hakipo.

Kifaa chenyewe ni modemu, kadi ndogo iliyochomekwa ndani ya sanduku, ambayo kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa sauti ili yapite kwenye waya wa simu. Nyuma ya sanduku nilikiona kitundu chake, na waya wa simu umo ndani yake. Kilikuwapo. Niliweza kukigusa. Mashine tu ndiyo iliyosema hakipo.

Kwa wiki tano nilifanya kila kilichoandikwa. Nilizima na kuwasha. Nilinakili mistari yote ya kuamka katika daftari, asubuhi na jioni, nikailinganisha neno kwa neno, nikitumaini kwamba siku moja modemu ingetajwa. Haikutajwa. Nilibadilisha namba ya mlango ambao mashine ilipaswa kuitafutia modemu, kutoka wa kwanza hadi wa nne, na yote minne ilinipa sentensi ileile. Nilifika mahali nikawa naamka alfajiri sentensi hiyo imekwisha kusomwa kichwani kabla sijafumbua macho.

Tarehe 8 Aprili nilimwita fundi wa simu, jirani yangu anayeishi pale chini karibu na msikiti, mstaafu wa nguzo na nyaya, mtu wa rika langu aliyependa maneno.

"Shida nini, mama? Mgonjwa anakohoa au kanyamaza?"

"Kanyamaza."

"Wa kunyamaza ndio wabaya."

Akapima waya kuanzia nguzo hadi ukutani. Akaunganisha simu yake ya kupimia nyaya, ile nyeusi nzito, akasikiliza, kisha akaniwekea sikioni. Mlio ulikuwa safi, mrefu.

"Unausikia? Huu waya ungekuwa mwanamke ningeuposa. Ugonjwa haupo kwangu, mama. Upo humo kwenye sanduku, na humo mimi siingii."

"Basi nifanye nini?"

"Waambie wakwe zako radi imepiga. Masika hii radi imeua ng'ombe wanne Nyakato, itashindwa na kadi?"

Nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari. Lakini kikao hakikuuliza sababu. Kilisema itoke, na irudi. Radi isingenirudishia chumba.

Yeye ndiye aliyenielekeza kwa mtu wa kompyuta wa kiwanda kimoja cha samaki, Nyakato. Mwaka ule samaki wa ziwa letu walikuwa wamekataliwa Ulaya, viwanda vimepunguza watu, na nilienda mara mbili nikarudishwa getini. Mara ya tatu, Alhamisi tarehe 20 Mei, sanduku likiwa kwenye mkokoteni limefunikwa kwa nailoni, niliruhusiwa. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, Mhaya, msemaji mpole. Alifungua sanduku kwa bisibisi, akaichomoa kadi, akaishika kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua yai.

"Mama, hii ni nusu modemu," akasema.

"Imevunjika?"

"Nzima kabisa. Imezaliwa hivyo. Ili ziwe za bei nafuu, siku hizi wanatengeneza kadi zinazofanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki inafanywa na programu. Hiyo programu ipo kwa kompyuta za kawaida. Kwa Linux hakuna aliyeiandika. Kwa hiyo Linux ikiitazama hii, haioni kitu. Unaweza kukaa nayo miaka kumi."

"Lakini mume wangu ameitumia tangu 1997."

Akaiweka kadi mezani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mumeo ni yule mzee mrefu, mwenye baiskeli ya kijani?"

"Ndiye."

"Pole sana, mama. Sikujua kama amefariki. Niliona Alhamisi zinapita, nikadhani amepata modemu nyingine. Alikuwa akija hapa na disketi. Barua anazo ndani. Mimi namtumia kwa mashine ya kiwanda, namwekea majibu kwenye disketi hiyohiyo, anakwenda. Aliniomba nisimwambie mtu. Alisema nyumbani wanajua inatumwa pale pale."

Nyumbani palikuwa na mtu mmoja tu wa kujua.

Nilimuuliza kama kuna dawa. Akasema ipo: modemu ya nje, nzima, ya kuchomekwa nyuma ya sanduku, kama ile ambayo huenda mhandisi aliitumia na kuondoka nayo, hiyo Linux ingeiona mara moja. Kiwandani ilikuwapo moja, na wakubwa wake walikuwa wameikalia mchana na usiku wakingoja habari za Ulaya. Kuagiza Dar es Salaam kungechukua mwezi, kama ingepatikana. Mimi nilikuwa na siku tisa. Akasema pia, kwa wema, kwamba nikitaka niwe naleta disketi kila Alhamisi, kama mzee.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mwenyekiti wa ukoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu."

Nilimwomba aongeze siku thelathini. Hakukasirika. Alisema kikao kimeandikwa, watu wanatoka hadi Busisi kwa nauli zao, na akiahirisha kwa ajili yangu atasemwa kwamba ameahirisha kwa ajili ya waya. "Jaribu tu, mkwe. Pengine itakubali." Nilikuwa na neno mdomoni la kumweleza habari za Nyakato. Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya mume wangu akiwa kijana, amevaa suruali ya kaki na soksi ndefu, ametoka kupata kazi ushirika. Mzee ndiye aliyemlipia shule. Nikaaga.

Jumamosi tarehe 29 Mei walikuja watu kumi na mmoja. Chumba kilitosha watu sita. Wengine walisimama mlangoni. Kadi ilikuwa imerudishwa mahali pake. Nilichapa barua kama mzee alivyoitamka: kwamba sisi ni wazima, mvua imekatika, mjukuu ajibu upesi. Kisha nikaandika amri ya kupiga simu, nikiijua sentensi itakayokuja.

Ikaja.

"Inasemaje?" mwenyekiti akauliza.

"Inasema kifaa hakipo, baba."

"Shemeji," mdogo wa marehemu akasema kutoka mlangoni, "mashine yako imekuwa bibi harusi. Tuitafutie zawadi ndipo ifumbue mdomo?"

Watu wakacheka. Wifi yangu hakucheka. Alisema polepole, "Wakati wa kaka ilikuwa inaongea."

Baada ya neno hilo hakuna aliyecheka tena. Nikaona likipita kwa mmoja mmoja, hadi kwa wale wa nje. Mzee aliinamisha kichwa.

"Mkwe," akasema, "ulituambia umeiona ikituma."

"Nilisema hivyo, baba."

"Kwa macho yako."

"Ndiyo."

"Basi ilituma. Mtoto wetu hakuwa mwongo, nawe si mwongo. Kama ilikuwa ikiongea naye na kwako imekataa, hapo mimi siwezi kupita. Mwenye kitu hajakupa."

Hapo ndipo pangebadilika. Ningesimama kama nilivyosimama Februari, niseme kwamba marehemu hakuninyima chochote. Kwamba kadi ni nusu. Kwamba barua zote zilipita Nyakato kwa baiskeli, nami naweza kuzipitisha huko kuanzia Alhamisi ijayo, na biashara ipo, na mtu wa kiwanda ni shahidi. Mzee alikuwa mtu wa haki, pengine angesikia. Lakini ningeyasema hayo mbele ya mdogo wa marehemu, mbele ya wifi, mbele ya watu waliotoka Busisi, na kabla ya jua kuzama, Mkuyuni yote ingejua kwamba bwana wa barua za simu alikuwa mchukuzi wa disketi aliyemdanganya mkewe kila wiki. Nilipima. Nikaona afadhali niitwe mjane aliyekataliwa na mumewe kuliko yeye aitwe mdanganyifu. Nilikaa kimya, mikono juu ya kibodi.

Sijui hadi leo kama ilikuwa heshima yake niliyoilinda au yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimejigamba barabarani.

Shemeji hakuwa na haraka. Alinipa wiki mbili nihamishe vitu, na alinisaidia kubeba taipureta, ambayo niliiweka barazani nyumbani, mahali wateja hawapiti. Kompyuta iliandikwa mali ya ukoo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni nilikuwa na hasira na marehemu, hasira ya kweli, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa kumwambia mtu kungekuwa kumsema.

Muhtasari wa kikao ulipelekwa mahakama ya mwanzo. Jumatatu, tarehe 14 Juni 1999, tuliitwa saa nne. Tuliingia saa tano na robo. Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na tano. Alisoma kipengele cha chumba, akarudia kukisoma, akainua macho.

"Mjane, hapa pameandikwa kwamba umeshindwa kutimiza sharti. Una pingamizi? Sheria inakuruhusu."

Shemeji alikuwa akitazama kofia yake. Mzee alikuwa akinitazama mimi.

"Sina, mheshimiwa."

"Umeelewa unachosaini?"

"Nimesoma hadi kidato cha nne," nikamjibu.

Akanipa kalamu.