Mwalimu aliyenifundisha kusoma mashimo ya Mirihi, na nilivyochelewa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mjukuu amenifungulia simu tu, kuandika naandika mwenyewe. Hii siyo chai, yamenikuta.

Miaka ya Ujamaa nilikuwa nasafisha picha kwenye studio moja Kariakoo. Mimi Mmwera wa kusini, Muislamu.

Siku moja akaja Mwalimu Salome, Mchaga, Mkatoliki, anafundisha sekondari. Ana gazeti la nje lenye picha za sayari ya Mirihi zilizopigwa na chombo cha angani. Anataka tumkuzie awaonyeshe wanafunzi wake.

Nikakuza. Nikamwambia, "Mwalimu, huko kuna vilima vingi."

Akacheka. "Kaka Athumani, umeishika picha juu chini. Hebu geuza."

Nikageuza. Wakuu, vilima vyote vikawa mashimo!

Akasema macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu, kwa hiyo kwanza ujue jua lilikuwa upande gani.

Basi akawa anakuja kila Jumamosi. Tunabishana shimo lipi la zamani. Kila moja limechimbwa na jiwe lililoanguka kutoka angani, na likikata ukingo wa mwenzake, ujue lenyewe ndilo limekuja baadaye.

(Ukweli ni kwamba kazi yake iliisha mapema. Nilikuwa nazirudia picha makusudi, na karatasi zenyewe wakati ule za kutafuta kwa tochi.)

Nilimpenda. Sikusema. Dini tofauti, yeye msomi, mimi darasa la saba.

Akapata uhamisho. Masasi, kwetu kabisa! Akaja kuaga.

"Utakuja kusalimia nyumbani?"

"Nitakuja, Mwalimu."

Akasimama mlangoni kidogo, kama anasubiri neno. Mimi nikamfungia picha zake.

Miaka miwili ikapita. Mara masika, mara Rufiji imejaa, barabara imefungwa. Visingizio tu.

Nilipofika shuleni kwake Masasi, alikuwa ameshahamishwa tena. Picha zipo ukutani. Binti mmoja wa kidato cha pili akanionyesha sehemu laini kwenye picha moja.

"Shikamoo, mjomba. Hapa mashimo machache. Si kwamba hapakupigwa na mawe. Mwalimu Salome alisema pamefunikwa na uji wa volkano."

"Marahaba. Hebu rudia, mwanangu."

Akarudia. Sauti ya mtoto, maneno ya Salome. Nikamwacha anieleze picha zote, kana kwamba sijui kitu.

Baadaye nilioa, na marehemu mke wangu nilimpenda kwa haki. Ila hamu nyingine haziishi, wakuu.

Vijana, semeni. Aibu ya kukataliwa inapita.

Kama kuna mliosoma kwa Mwalimu Salome, andikeni hapo chini. Sitaki namba yake. Nataka tu kujua kama alifika salama huko alikohamia.