Skii Zilizotazamana

Kunyoosha magurudumu nilijifunza Nakuru, kwa uzi na futi, na unyenyekevu sikujifunza hata kidogo. Gari likivuta kushoto, mimi naliweka sawa kabla chai haijapoa. Ndiyo maana mwenye karakana ninayofanyia kazi hapa Tyseley, Birmingham, aliponiletea pikipiki ya theluji, ile yenye skii mbili, vibao virefu vya kuteleza, mbele mahali pa magurudumu na mkanda mpana wa mpira nyuma, sikuuliza swali. Kitabu chake cha maelekezo nilikiweka chini ya birika.

Mwenye karakana ni mzaliwa wa Kisumu, Sikh aliyepita miaka sabini. Mimi humwita mzee. Binti yake ameolewa kaskazini mwa Norwe, ambako majirani hutembeleana kwa mashine hizo. Mzee aliinunua kuukuu, akitaka kuipakia kwenye trela na kwenda kuiendesha huko mwenyewe. Mkewe, ambaye mimi humwita mama, hakutaka kusikia, kwa sababu vifundo vya mikono ya mzee vina baridi yabisi. Mama aliapa kwamba ikimshinda hapa Birmingham inauzwa, na mzee atakwenda kwa ndege, akakae sebuleni kama mababu wengine.

Nikabadilisha fimbo ya usukani ya upande wa kushoto, iliyokuwa imepinda. Nikavuta uzi, nikaziweka skii zitazamane kidogo kwa mbele, kama nilivyoyafanyia magari ya Nakuru, kisha nikapangusa mikono. Ikabaki kungoja theluji, na theluji ya Birmingham ni mgeni asiye na adabu: huingia bila hodi, huondoka kabla hujamkaribisha chai.

Ikaja Alhamisi moja asubuhi, ya kufunika kiatu. Mabasi yakasimama. Mimi naishi karibu, nikaenda kwa miguu. Mzee na mama wakaja na gari polepole kutoka kwao Handsworth, mama akiwa kando yake kwa sababu hakumwamini barabarani, na chupa ya chai mapajani.

Ua wetu wa nyuma ni mrefu. Mzee akawasha, akaondoka. Hata hatua ishirini hazikufika, mbele ikaanza kuhangaika, kulia, kushoto, kulia tena, kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni. Akapigana nayo mpaka ukutani, akageuza, akarudi hali ile ile. Alipozima, vidole vilichelewa kuachia usukani. Mama akamimina chai, nami nikajua mashine imeshauzwa.

"Fundi, si kazi yako," mzee akaniambia. "Ni hii mikono yangu. Imezeeka. Tutauza tu."

Nitasema ukweli: kwa pumzi mbili tatu nilifurahi. Jina langu lilikuwa limepona. Kisha nikamwona anavuta mikono ya sweta kuficha vifundo, bangili yake ya chuma ikapotea humo ndani, na aibu ikanichoma masikio. Nikaingia karakana, nikainua birika.

Jalada la kitabu lilikuwa na duara la chai. Ukurasa wenyewe ulikuwa na picha ambayo hata asiyejua kusoma angeielewa. Skii hazitazamani. Ncha zake hufunguka nje, milimita chache tu. Zikitazamana, kila moja hutafuta njia yake na usukani haupumziki. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nikajiambia, nikatoka nacho nje.

"Mzee, si mikono yako," nikasema. "Ni mimi. Nilipima kama gari, na kitabu sikufungua."

Mama ndiye aliyeweka kikombe chini kwanza. Akaniuliza marekebisho yatachukua muda gani, maana paa lilikuwa limeanza kudondosha matone. Nikasema nusu saa. Akaniambia nianze basi, theluji haina nusu saa mbili.

Tukafanya kazi palepale, magoti kwenye theluji. Nikafunga usukani ukae katikati, mzee akazikaza ncha za skii kwa kamba ya mpira ili kuondoa ulegevu. Nikalegeza nati, nikazungusha fimbo kidogo upande huu, kidogo upande ule. Mama alishika ncha ya pili ya futi na kunisomea vipimo, mbele kisha nyuma, na kila aliponiona nataka kukadiria kwa jicho alinirudisha kwenye futi. Upana wa mbele ulipouzidi wa nyuma kwa unene wa penseli, nikakaza nati.

Theluji ilikuwa imebaki ukanda mmoja katikati ya ua, saruji ikichungulia pembeni. Mzee akapanda. Safari hii mbele ilikwenda imenyooka, bila papara, mpaka ukutani, na kurudi alirudi ameushika usukani kwa vidole tu. Nilicheka peke yangu kwa sauti, nikiwa na furaha ambayo gari halijanipa kwa miaka mingi.

Akazima mashine mbele ya mkewe. Wao wawili huongea Kipunjabi, lakini safari hii alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie. Akakunja mikono ya sweta mpaka bangili ikaonekana, akamnyooshea vifundo vyote viwili.

"Mikono bado iko," akasema.

Mama akavishika, akavisugua kwa sababu vilikuwa vya baridi. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama hicho kiti cha nyuma kinaweza kumbeba mtu wa pili huko kwa binti yake.